Somo: Neno "sand" kwa fundi na mkulima

Kuna kijana fundi wa rangi hapa Kisumu aliyeachiwa karatasi ya maagizo na mwenye nyumba: "Sand all doors. Wipe clean. Two coats of varnish." Jioni mwenye nyumba aliporudi alikuta karai mbili za mchanga mlangoni, na kijana amekaa anangoja aambiwe ni za kazi gani. Kazi akapewa mwingine. Iliniuma, kwa sababu kijana huyo anapiga msasa vizuri kuliko wengi wanaojua Kiingereza. Kilichomnyima riziki ni neno moja la herufi nne. Ndiyo maana somo la leo ni la neno hilo tu, na nitaenda polepole.

Hatua ya 1: Lisikie vizuri

Wapo wanaotamka "sand" na "send" sawasawa. "Send" ni tuma, kama unavyoambiwa utume pesa. Kwa "sand" fungua mdomo zaidi na ushushe taya. Sauti inakaa katikati ya "e" na "a" ya Kiswahili. Ukishindwa, egemea upande wa "a". Mwingereza atakuelewa.

Hatua ya 2: Usilihesabu

Hapa Kiswahili kinakusaidia. Hatusemi "michanga miwili" tukiagiza. Tunataja chombo: lori moja, wilbaro tatu, karai mbili. Kiingereza ni vivyo hivyo. Usiandike "two sands" wala "a sand" kwenye kwotesheni, yaani karatasi ya makadirio ya bei. Andika "two lorries of sand", au jina la bidhaa kisha kipimo: "Sand, 7 tonnes". Chembe moja ni "a grain of sand". Na kitenzi kinabaki cha umoja: "The sand is wet", mchanga umelowa.

Hatua ya 3: Angalia limekaa wapi kwenye sentensi

Hii ndiyo hatua iliyomwangusha yule kijana. Likitanguliwa na "the", "some" au kipimo, ni mchanga. Likianza sentensi ya kuagiza na mbele yake pana kitu cha kufanyiwa kazi, ni kitendo: piga msasa. "Sand the door" ni upige mlango msasa. "I sanded it yesterday" ni niliupiga msasa jana. "It needs sanding" ni unahitaji kupigwa msasa. Jiulize swali moja tu: hapa ninaambiwa nilete kitu, au nifanye kitu?

Karatasi yenyewe ni "sandpaper", na wengi wenu mnaiita sandipepa. Namba iliyo nyuma yake ni ya "grit", yaani ukubwa wa chembe. Namba ikipanda, chembe zinakuwa ndogo: 80 inakwangua, 240 inalainisha. Siku hizi chembe hizo kwa kawaida si mchanga hata kidogo, ni madini magumu yaliyotengenezwa kiwandani, lakini jina limebaki. Sisi tulilipata jina letu kwingine. Msasa ni mti, jamii ya mkuyu, na majani yake yanakwaruza. Watu waliyatumia kulainisha mbao kabla ya karatasi za dukani. Hilo ni neno la kujivunia, msiliache lipotee kwa sababu ya sandipepa.

Ila liangalieni kwa makini. Kiswahili kinaruhusu kumpiga mtu msasa, kama walimu wanapopelekwa mafunzo. Kiingereza hakiruhusu. Ukiandika "sand the teachers" msomaji atashtuka. Kwa maana hiyo tumia "train".

Hatua ya 4: Neno linaloandamana nalo

Mkifuata video za ujenzi za Uingereza, kuweni waangalifu. Kule "sharp sand" ni mchanga mkubwa, chembe zake zina pembe, na ni wa zege na sakafu. "Building sand" au "soft sand" ni mchanga laini wa kuunganishia matofali. Mtu anaona "building" anadhani ni mchanga wa ujenzi wote, kumbe kwa zege siyo. Jambo la pili ni kubwa zaidi. Hapa kwetu "ballast" ni kokoto peke yake. Kwenye maduka ya vifaa ya Uingereza, "ballast" ni kokoto zilizokwisha changanywa na mchanga. Kipimo chao kinataja simiti na "ballast" tu, hakitaji "sand", kwa kuwa imo ndani. Ukikifuata kwa kokoto zetu utapata zege lenye mapengo.

Mengine ni mepesi. "Sandbag" ni gunia la mchanga, kama yanayopangwa Budalangi mto Nzoia unapofurika. "Sandstone" ni jiwe la mchanga.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kondele: Mwalimu, umesema lisihesabiwe. Mbona nimeona "sands" kwenye maandishi?

Jibu: Umeona sawa, ndugu yangu. "Sands" hutumika kwa eneo pana la mchanga, kama ufuo au jangwa, na pia kwa aina tofauti za mchanga. "The sands of time" ni wakati unaopita, kutokana na ile saa ya zamani ya kioo ambayo mchanga hudondoka kutoka juu kwenda chini. Kwenye kwotesheni bado halina nafasi.

Mwanachama, Njoro: Shikamoo mwalimu. Mimi nalima viazi. Karatasi ya vipimo vya udongo imeandika "sandy loam" shamba la juu na "loamy sand" la chini. Si kitu kilekile?

Jibu: Marahaba mama. Si kilekile, na tofauti utaiona shambani. Kwa Kiingereza neno la mwisho ndilo kichwa. "Sandy loam" ni tifutifu yenye mchanga. "Loamy sand" ni mchanga wenye tifutifu kidogo. Shamba la chini litakauka upesi zaidi na mbolea itazama haraka, kwa hiyo liongezee samadi.

Mwanachama, Kibuye: "Sandwich" imetoka kwa mchanga?

Jibu: Kwa njia ya mzunguko. Chakula kiliitwa kwa cheo cha John Montagu, Earl wa nne wa Sandwich, karne ya 18. Sandwich ni mji wa Kent, Uingereza, na jina la mji ndilo lenye mchanga ndani yake katika Kiingereza cha kale. "Sandals" hazimo kabisa. Hilo ni neno la Kigiriki.

Mwanachama, Nakuru: Programu ya kutafsiri ya simu iligeuza "mtoto mchanga" kuwa "sand child".

Jibu: Kwetu mchanga ni maneno mawili yanayofanana. "Sand" haina maana ya uchanga hata mara moja. Mtoto huyo ni "baby" au "newborn". Kama ni karatasi ya kliniki, usiiachie simu. Mwombe mtu aisome.

Mwanachama, Mamboleo: Mkebe wa vanishi umeandikwa "Sand lightly between coats". Koti zipi?

Jibu: "Coat" hapa ni mkono mmoja wa rangi au vanishi. Paka mkono wa kwanza, uache ukauke kabisa, kisha upige msasa kidogo kwa namba 240 au zaidi, bila kukandamiza. Futa vumbi lote kwa kitambaa chenye unyevunyevu, ngoja pakauke, ndipo upake mkono wa pili. Kwenye mkebe huo "sand" imeanza sentensi: unaambiwa ufanye kazi, huambiwi ulete kitu.