Klotho, albumini na figo za mwenye kisukari: namna ya kupima mkojo na kuyasoma majibu

Mwaka 1997 mtafiti wa Kijapani Makoto Kuro-o na wenzake walieleza kuwa panya waliokosa jeni moja walizeeka upesi ajabu, mishipa yao ikakakamaa, na wengi wakafa wakiwa na umri wa miezi miwili hivi. Jeni hiyo na protini yake ziliitwa Klotho, jina la mungu wa kike wa Wagiriki wa kale aliyesokota uzi wa uhai. Protini hiyo hutengenezwa zaidi ndani ya figo, hupungua figo zinapodhoofika, na katika wanyama wa maabara wenye kisukari imeonekana kupunguza makovu ya figo. Kwa binadamu hakuna dawa ya klotho iliyoidhinishwa, hivyo anayekuuzia vidonge vya kuipandisha mwambie ahsante, kisha upite. Kwa kuwa kiwanda chake ni figo lenyewe, linda kiwanda. Na kazi hiyo huanza kwa kuitafuta protini nyingine, albumini, iliyovuja kwenye mkojo.

Mwenye kisukari cha aina ya pili hupimwa tangu siku anapogunduliwa, na wa aina ya kwanza baada ya miaka mitano, kisha kila mwaka. Omba kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye mkojo), kwa maana kijiti cha kawaida cha kuchovya kwenye mkojo hukosa kuona uvujaji mdogo, na huo ndio tunaoutaka mapema. Usisubiri mkojo utoe povu chooni.

Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora: acha wa mwanzo uende, kisha kinga wa katikati kwenye kikopo safi. Ahirisha ikiwa una homa, maambukizi ya njia ya mkojo au hedhi, au ikiwa jana yake ulifanya mazoezi mazito, kwani hayo yote hupandisha albumini bila figo kuwa na kosa.

Chini ya miligramu 30 kwa gramu ya kreatinini ni kawaida. 30 hadi 300 ni uvujaji wa wastani. Zaidi ya 300 ni mkubwa. Tazama kizio kabla ya kushtuka au kufurahi, maana maabara nyingine huandika miligramu kwa milimoli, na huko mipaka ni 3 na 30. Jibu moja halitoshi: sampuli mbili kati ya tatu, ndani ya miezi mitatu hadi sita, ndizo zinazothibitisha.

Likithibitika, zungumza na daktari kuhusu shinikizo la damu, sukari, na dawa kama enalaprili au losatani, ambazo hupunguza shinikizo ndani ya vichujio vya figo lakini hazifai kwa mjamzito. Damu hurudiwa kupimwa wiki mbili hadi nne baada ya kuzianza, ili kuangalia potasiamu na kreatinini. Muulize pia kuhusu dapagliflozini na jamaa zake, dawa za kisukari ambazo pia hulinda figo, na umweleze ukweli kuhusu diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, unayomeza kila mgongo unapouma.

Andika kila jibu na tarehe yake kwenye daftari la kliniki. Uvujaji ukizidi 300, lengo la tiba ni kuushusha kwa angalau asilimia 30: aliyeanza na 420 anatakiwa kufika 294 au chini yake.