Kutia Rangi Makundi ya Mistari Katika Lahajedwali: Mfano wa Daftari la Samaki, Lamu

Anayetunza hesabu za samaki katika diko lolote la Lamu, yaani mahali vyombo vinaposhusha samaki, iwe Kizingitini au Kipungani, anajua kwamba chombo kimoja hakileti samaki wa namna moja. Mashua ikirudi alfajiri huwa na changu, tafi, pweza kadhaa na pengine nguru mmoja mkubwa, na kwa kuwa kila aina ina bei yake, kila aina hupewa mstari wake katika daftari. Ndiyo maana chombo kimoja huchukua mistari miwili, mitatu, hata sita, na chombo kinachofuata huanzia papo hapo chini yake bila nafasi wala alama. Daftari hilo likihamishiwa kwenye lahajedwali la kompyuta, jicho hupotea kwa urahisi zaidi kuliko kwenye karatasi, kwa sababu mistari yote hufanana.

Msimu mmoja wa kaskazi, bahari ilipokuwa imetulia na vyombo vingi vinatoka, nilimsomea nahodha mmoja hesabu yake kutoka kwenye kioo cha kompyuta, nikashuka mstari mmoja zaidi ya uliokuwa wake, nikamhesabia kilo 22 za nguru zilizokuwa za mashua iliyofuata. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimamisha. Aliniambia, "Mwanangu, leo mimi sikupata nguru." Mtu mwingine angenyamaza, na mabaharia wa ile mashua ya pili wangegawana pungufu ya jasho lao. Tangu siku hiyo sifungui daftari la samaki ambalo makundi yake hayajatofautishwa kwa rangi, na rangi hiyo siipaki kwa mkono.

Kupaka kwa mkono kuna kasoro moja kubwa: rangi hubaki kwenye seli, yaani chumba kimoja cha jedwali, hata habari zilizomo zinapobadilika. Ukipanga upya orodha, au ukichomeka mstari uliousahau, rangi haiwezi tena kuaminika. Njia iliyo imara ni kuipa kompyuta sharti, ili yenyewe iamue mstari gani utiwe rangi kwa kusoma kilichoandikwa ndani yake. Katika Excel, programu ya lahajedwali ya Microsoft, uwezo huu unaitwa Conditional Formatting, nao umo katika kichupo cha Home. Google Sheets na LibreOffice Calc zinao pia.

Wengi hukimbilia fomula ya MOD(ROW(),2), ambayo hutia rangi mstari mmoja na kuruka mmoja. Fomula hiyo ni nzuri kwa orodha ambayo kila mstari unajitegemea, lakini kwa daftari letu inapotosha, kwa sababu inamkata nahodha mmoja vipande viwili na kumuunganisha na jirani yake. Tunachotaka ni rangi ibadilike pale tu chombo kinapobadilika. Mistari mitatu ya chombo kiitwacho Tawakal iwe na rangi moja, mstari wa pekee wa Subira ubaki mweupe, kisha mistari miwili ya Salama irudi kwenye rangi.

Tuchukue daftari lenye vichwa katika mstari wa 1: safu A ni tarehe, B ni jina la chombo, C ni aina ya samaki, D ni kilo, E ni bei ya kilo, na F ni jumla. Habari zinaanza mstari wa 2. Kabla ya jambo lolote, panga orodha kwa tarehe kisha kwa jina la chombo, ukitumia Sort iliyo katika kichupo cha Data, kwa kuwa njia nitakayoieleza hulinganisha mstari na ule ulio juu yake. Mistari ya chombo kimoja ikiwa imetawanyika, kila kipande kitahesabiwa kuwa kundi jipya. Ikiwa chombo huweza kushusha samaki mara mbili kwa siku moja na unalipa kila safari peke yake, ongeza safu ya namba ya safari, uitumie katika kupanga na katika fomula pia.

Sasa tunahitaji safu ya msaidizi. Katika seli G1 andika kichwa, kwa mfano "Kundi", kisha katika G2 andika fomula hii:

=IF(AND(A2=A1,B2=B1),N(G1),1-N(G1))

Maana yake ni hii: ikiwa tarehe na chombo cha mstari huu ni sawa na vya mstari wa juu, chukua namba iliyo juu kama ilivyo, vikitofautiana, igeuze, 0 iwe 1 na 1 iwe 0. Ile N inayozunguka G1 ipo kwa sababu seli ya juu kabisa ina neno "Kundi" badala ya namba, na kompyuta ikiambiwa itoe neno katika 1 italeta kosa la #VALUE!, nalo litashuka hadi mwisho wa safu. N hulihesabu neno hilo kuwa 0. Iburute fomula hadi mstari wa 500, au popote unapotarajia daftari lifike. Katika mfano wetu, mistari ya 2, 3 na 4 ya Tawakal itaonyesha 1, mstari wa 5 wa Subira utaonyesha 0, na mistari ya 6 na 7 ya Salama itaonyesha 1 tena. Zisome namba hizo kwa macho kabla ya kuendelea, kwa maana zikiwa sahihi, kazi iliyobaki ni ndogo.

Chagua seli kuanzia A2 hadi F500, ukianza kubofya A2 na kuburuta kuelekea chini, ili A2 iwe ndiyo seli iliyo hai. Bofya Conditional Formatting, kisha New Rule, kisha chagua mstari wa mwisho katika orodha, unaosema Use a formula to determine which cells to format. Katika kisanduku cha fomula andika:

=AND($G2=1,$B2<>"")

Bofya Format, ingia kichupo cha Fill, chagua rangi nyepesi inayoacha maandishi yasomeke, kisha kubali kwa OK mara mbili. Sehemu ya pili ya fomula, ile inayouliza kama safu B ina kitu, inazuia mistari mitupu iliyo chini ya daftari isijipake rangi yote kwa pamoja.

Alama ya dola ndiyo inayowasumbua wengi, kwa hiyo niitazame kwa karibu. Ilivyokaa mbele ya G inamaanisha kwamba, seli iwe ipi katika mstari, iangalie safu G tu. Ukiiacha na kuandika G2, seli ya A2 itaangalia G2, lakini B2 itaangalia H2, C2 itaangalia I2, na kadhalika. Matokeo yake ni safu A peke yake kupata rangi, huku nyingine zikibaki nyeupe. Ukiizidisha na kuandika $G$2, mistari yote itaangalia seli moja, na daftari zima litakuwa na rangi moja. Namba ya mstari nayo ilingane na mstari wa kwanza wa eneo ulilochagua: ukichagua kuanzia A2 na kuandika $G3, rangi yote itapanda juu kwa mstari mmoja, na hilo ni kosa baya zaidi kwa sababu daftari litaonekana limepangika vizuri huku likimpa mtu samaki wa mwenzake.

Mambo mengine mawili ya kisanduku hicho yamenipotezea saa nyingi. Kwanza, ukijaribu kurekebisha fomula kwa vitufe vya mishale, Excel hudhani unachagua seli na huingiza anwani usizozitaka katikati ya maandishi. Bonyeza F2 kwanza, ndipo mishale itembee ndani ya fomula. Pili, ukisahau alama ya usawa mwanzoni, Excel itaizungushia fomula yako alama za kunukuu na kuifanya maneno matupu, isilalamike, na hakuna mstari utakaopata rangi. Rangi isipotokea, rudi Conditional Formatting, fungua Manage Rules, ukague kama kuna alama hizo.

Katika Google Sheets, fungua menyu ya Format, chagua Conditional formatting, andika eneo A2:F500, na katika orodha ya masharti shuka hadi Custom formula is. Fomula ni ileile. Katika LibreOffice Calc, njia ni Format, Conditional, Condition, kisha Formula is, na badala ya kuchagua rangi moja kwa moja unachagua mtindo ambao tayari una rangi ndani yake.

Rangi ikikataa kufuata makundi ingawa fomula ni sahihi, shuku habari zenyewe. Excel haijali herufi kubwa na ndogo katika ulinganisho huu, hivyo "salama" na "Salama" ni chombo kimoja kwake, lakini nafasi tupu iliyoachwa mwishoni mwa jina hulifanya jina jingine kabisa, nayo haionekani kwa macho. Unaweza kuiondoa kwa kuandika TRIM(B2)=TRIM(B1) ndani ya fomula ya msaidizi. Mimi napendelea kuzuia kosa lisiingie: chagua safu B, fungua Data Validation katika kichupo cha Data, chagua List, na uorodheshe majina ya vyombo, ili anayeandika achague jina badala ya kulipiga upya huku mizani inamngoja. Tarehe nazo zina siri yao. Ikiwa zimeingizwa pamoja na saa, mistari miwili ya siku moja haitalingana hata ikionyesha tarehe moja, na dawa yake ni kulinganisha INT(A2) na INT(A1). Katika hali hiyo mstari wa 2 utaleta kosa kwa sababu A1 ni neno, hivyo andika 1 kwa mkono katika G2 na uanzishe fomula mstari wa 3.

Safu ya msaidizi ina udhaifu wake pia. Ukifuta mstari mzima katikati ya daftari, fomula ya mstari unaofuata hupoteza seli iliyokuwa ikiitegemea na kuonyesha #REF!, na kosa hilo hushuka hadi chini, rangi zikitoweka pamoja nalo. Ukichomeka mstari mpya, ulio chini yake huendelea kulinganishwa na mstari wa zamani. Kwa hali zote mbili, iburute upya fomula kutoka G2 hadi mwisho, nayo itajirekebisha. Safu yenyewe unaweza kuificha kwa kubofya kichwa chake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Hide. Sharti litaendelea kuisoma.

Asiyetaka safu ya msaidizi kabisa anaweza kuweka fomula hii moja kwa moja katika sharti:

=AND($B2<>"",MOD(SUMPRODUCT(--($A$1:$A1&$B$1:$B1<>$A$2:$A2&$B$2:$B2)),2)=1)

Fomula hii huhesabu ni mara ngapi tarehe au chombo kimebadilika tangu juu hadi mstari uliopo, kisha huuliza kama hesabu hiyo ni witiri. Uzuri wake ni kwamba haiachi kitu chochote katika daftari. Ubaya wake ni uzito: kila mstari huhesabu mistari yote iliyo juu yake, na daftari la maelfu ya mistari litaifanya kompyuta ya zamani kusuasua. Kwa daftari la mwezi mmoja la diko dogo itafaa. Kwa daftari la mwaka, shikamana na safu ya msaidizi.

Jihadhari pia na kunakili na kubandika. Mstari unapobandikwa pamoja na umbo lake, Excel hunakili sharti pia na kulikatakata, na baada ya miezi michache Manage Rules huwa na masharti kumi yanayofanana, kila moja likishika kipande chake cha eneo. Bandika thamani peke yake, kwa Paste Values, na mara kwa mara futa masharti ya ziada ukibakisha moja lenye eneo zima, =$A$2:$F$500.

Linabaki suala la karatasi, kwa kuwa manahodha wengi hutaka hesabu mkononi. Printa isiyo na wino wa rangi hugeuza rangi nyepesi kuwa kijivu, na ukiwa umechagua Black and white katika mipangilio ya ukurasa, rangi za seli hazichapwi kabisa. Kwa hiyo ongeza sharti la pili juu ya eneo lilelile, lenye fomula hii:

=OR($A2<>$A1,$B2<>$B1)

Safari hii, badala ya Fill, ingia kichupo cha Border na uchague mstari wa upande wa juu tu. Excel hairuhusu mstari mnene katika masharti, lakini huo mwembamba unatosha: utachorwa pale kila chombo kinapoanzia, na chini ya kundi la mwisho pia, na nahodha ataweza kuweka kidole juu ya mstari na kuhesabu samaki wake hadi unaofuata.