Kufufua kinga (baiskeli) ya zamani ya chuma: anza na klaveti

Rangi ingoje. Kinga iliyobeba makala (mkaa) miaka mingi hapa Lubumbashi huchoka kwanza kwenye ekseli ya pedali. Mwagia klaveti zote mbili, yaani pini za chuma zinazobana mikono ya pedali kwenye ekseli, mafuta ya kulegeza kutu, ziache usiku kucha. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya klaveti, lakini usiitoe: ndiyo inayolinda hesi zisipondeke. Egemeza mkono wa pedali juu ya bomba la chuma lililosimama sakafuni, kisha ipige nati pigo moja zito. Kugonga-gonga huipinda klaveti, na ikishapinda ni kuitoboa kwa drili.

Kikombe cha kulia, kinachoshika gololi za ekseli, cha kinga za Kiingereza hufunguka kwa kufuata mshale wa saa. Nyingi za Kifaransa, kinyume chake. Chenye vishimo kitupe, grisi haikiponyi. Gololi nunua mpya zote, kwa kawaida 11 za robo inchi kila upande.

Wakati wa kurudisha, mikono ya pedali ikilala, nati ya klaveti moja itazame juu na ya nyingine chini. La sivyo pedali hazitanyooka. Baada ya kilomita 20 hivi, kaza tena.