Viongozi wa dini na watunga sera: anzeni na kifungu kimoja

Mkiitana kujadili "usawa wa kijinsia" kwa ujumla, mtaambulia hotuba na picha ya pamoja. Chagueni kifungu kimoja cha sheria: umri wa kuoa na kuolewa, hati ya ardhi yenye majina ya mume na mke, au mirathi ya mjane. Hapa tuchukue umri wa ndoa.

Kaeni watu 8 hadi 12, nusu wanawake, tena wale wanaosikilizwa na waumini: walimu wa madrasa, viongozi wa vikundi vya akina mama. Waiteni kabla rasimu haijaandikwa. Shehe au mchungaji aliyealikwa siku ya uzinduzi kufungua kwa dua hana sababu ya kutetea jambo lililoamuliwa bila yeye.

Tumieni karatasi yenye safu mbili: kushoto maneno ya kifungu, kulia mafundisho yanayokiunga mkono, yaandikwe na wenye dini wenyewe. Ofisa asijitie kufasiri maandiko. Mnapotofautiana, andikeni hivyo hivyo. Tofauti iliyofichwa huibukia bungeni.

Someni misamaha kwa makini kuliko kanuni yenyewe. Mwaka 2004 Morocco ilipandisha umri wa msichana kuolewa kutoka miaka 15 hadi 18, na hoja za Kiislamu zilitumika kuitetea sheria hiyo. Lakini jaji aliachiwa ruhusa ya kuozesha walio chini ya umri huo, na maombi mengi yakakubaliwa.

Kisha nendeni kwa mfungishaji ndoa. Kabla hajatangaza ndoa, aombe vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili, na asiishie kwenye tarehe ya kuzaliwa. Atazame pia cheti kilitolewa lini. Cha wiki iliyopita si lazima kiwe cha uongo, maana wengi husajiliwa ukubwani, ila kipelekwe kwa msajili kihakikiwe. Serikali ijifunge kujibu kwa muda uliotajwa, tuseme siku 7. Bila jibu hilo, mfungishaji anabaki peke yake na wazazi waliokwisha kupokea mahari.

Makubaliano yataje vyeo, si majina, kwa kuwa maofisa huhamishwa. Posho zijulikane mapema, sawa kwa wote.

Kila miezi 3 hesabuni ndoa zilizosimamishwa. Mkipata sifuri mara mbili mfululizo, msishangilie kwanza: ulizeni kama harusi hazijahamia uani, zinakofungwa bila daftari.