Namna ya Kuipima Sera ya Uchumi kwa Mediani

Wiki iliyopita, hapa Makorora mjini Tanga, nilikaa na binti mmoja anayeandaa taarifa ya chama chao cha kuweka na kukopa. Aliniuliza: "Mwalimu, mbona wastani unaonyesha tumepanda, na wanachama bado wanalalamika?" Mwongozo huu umetokana na jibu nililompa.

Hatua ya 1: Panga, kisha tazama katikati

Tuchukulie watu saba wa mashua moja ya uvuvi. Mabaharia sita wanapata shilingi 8,000, 9,000, 10,000, 10,000, 12,000 na 15,000 kwa siku, na mwenye mashua 90,000. Wastani ni 22,000, kiasi ambacho hakuna baharia anayekipata. Mediani, yaani kipato cha mtu wa nne katika safu hiyo, ni 10,000. Mwenye mashua akipanda hadi 160,000, wastani unaruka hadi 32,000 na mediani haisogei. Kwa sababu hiyo, pato la dola 1,080 kwa kila mtu, lililoiingiza Tanzania katika uchumi wa kati mwaka 2020, halitoshi kueleza hali ya mwananchi wa katikati, kwani nalo ni wastani.

Hatua ya 2: Tumia matumizi, si mapato

Mkulima wa machungwa wa Muheza hupata fedha kwa msimu, lakini hula kila siku. Mimi sitegemei mapato yaliyotajwa kwa mdomo.

Hatua ya 3: Hesabu watu, si kaya

Hatua hii iliwahi kunipotezea siku mbili nzima. Chukua kaya tatu: ya kwanza ina watu 8 na matumizi ya shilingi 40,000 kwa kila mtu kwa mwezi, ya pili watu 3 wa 70,000, ya tatu watu 2 wa 150,000. Mediani ya kaya ni 70,000. Lakini watu wote ni 13, na yule wa saba yumo katika kaya ya kwanza, hivyo mediani ya watu ni 40,000. Aliyehesabu kaya amewasahau watoto wa nyumba kubwa, ambazo mara nyingi ndizo maskini.

Data za sampuli huja pia na uzito wa kila kaya, yaani idadi ya kaya ambazo kaya hiyo inaziwakilisha. Kosa langu lilikuwa kuzidisha matumizi kwa uzito huo. Usifanye hivyo. Zidisha uzito kwa idadi ya watu wa kaya, panga kaya kwa matumizi ya kila mtu kuanzia madogo hadi makubwa, jumlisha uzito huo mpya kwa mpangilio huo, kisha simama pale jumla inapofikia nusu. Fomula ya MEDIAN iliyomo katika Excel haitambui uzito, kwa hiyo iache. Wala usitafute mediani ya mkoa kwa kuchukua wastani wa mediani za wilaya, maana jibu halitakuwa sahihi.

Hatua ya 4: Ondoa mfumuko wa bei kabla ya kulinganisha miaka.

Hatua ya 5: Tazama na pembeni

Kati ya mwaka 2011/12 na 2017/18, umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4, huku kipimo cha Gini, kinachopima pengo la kiuchumi kati ya watu (0 ni usawa kamili), kikipanda kutoka 0.34 hadi 0.38. Mediani peke yake isingeonyesha pengo hilo. Rudi kwenye safu yako ya uzito uliojumlishwa, soma matumizi panapofikia asilimia 10 na panapofikia asilimia 90, uyaandike kando ya mediani.