Jinsi ya kukokotoa mgao wa GST wa jimbo lolote la Australia

Kila mwaka inapokaribia Machi, ukifuatilia siasa za Australia utasikia lalamiko hili: Western Australia inarudishiwa senti 75 tu kwa kila dola ya GST, kodi ya bidhaa na huduma, iliyotoa. Si kweli. Katika mgao huu hakuna anayehesabu ni jimbo gani lililotoa dola ipi. Hiyo 0.75 ni namba ya aina nyingine kabisa, na njia nzuri ya kuielewa ni kuipigia hesabu mwenyewe. Kazi yangu ni majedwali ya bajeti, na kati ya kanuni za ugavi wa mapato nilizozipitia, hii ndiyo ninayopenda kufundishia. Fungua Excel.

Hatua ya 1: Jua kilichomo mfukoni

GST ni kodi ya bidhaa na huduma, ndugu wa VAT yetu. Kiwango ni asilimia 10 na ilianza tarehe 1 Julai 2000. Inakusanywa na serikali ya shirikisho, lakini kwa makubaliano ya mwaka 1999 mapato yake yote huenda kwa majimbo 6 na maeneo mawili: Northern Territory, na eneo la mji mkuu Canberra, ambalo hufupishwa ACT. Kwa Mkenya hili ni geni kidogo. Kwake mvutano huanza kwa kuuliza serikali kuu ibaki na ngapi na kaunti zipate ngapi, na Katiba inaweka kiwango cha chini cha asilimia 15. Kwenye GST swali hilo halipo. Majimbo yanavutana yenyewe kwa yenyewe.

Ongeza nyongeza ya kudumu ya shirikisho: dola milioni 600 kuanzia mwaka wa fedha 2021-22, na milioni 250 zaidi kuanzia 2024-25.

Hatua ya 2: Tafuta pengo la kila jimbo

Kazi yenyewe iko hapa, na watu wengi huiruka. Hufanywa na Commonwealth Grants Commission, tume iliyoundwa mwaka 1933, mwaka uleule ambao wapiga kura wa Western Australia waliamua kwa wingi mkubwa kwamba jimbo lao lijitoe katika shirikisho. Halikujitoa, ila ujumbe ulifika.

Tume huuliza hivi: jimbo hili likitoza kodi kwa viwango vya wastani vya majimbo yote, na likitoa huduma za kiwango cha wastani, litapungukiwa kiasi gani?

Upande wa mapato, chukua msingi wa kodi wa jimbo (mishahara inayotozwa waajiri, thamani ya ardhi, mauzo ya nyumba, madini) uzidishe kwa kiwango cha wastani cha kitaifa. Zingatia: kiwango cha wastani, si kile jimbo linachotoza. Waziri mkuu wa jimbo akipunguza kodi ili apendwe, pengo halikui kwa sababu ya ukarimu wake. Ndiyo maana ACT, pamoja na mishahara minono ya Canberra, huonekana dhaifu: mwajiri wake mkubwa ni serikali ya shirikisho, ambayo hailipi kodi ya mishahara kwa majimbo. Western Australia nayo huonekana tajiri kwa sababu karibu mrabaha wote wa madini ya chuma (malipo ya wachimbaji kwa jimbo) uko kwake. Mapato ya kamari hayapimwi kwa njia hii, kwa hoja kwamba hakuna kipimo kisichochanganyika na sera za jimbo. Watu wa Perth, mji mkuu wa Western Australia, ambako mashine za kamari ziko kasino tu, hawachoki kulalamikia hilo: madini yao yanahesabiwa, kamari ya wenzao haihesabiwi. Mimi naona wana hoja.

Upande wa matumizi, gharama hupanda kwa umri wa watu, umaskini, umbali na idadi ya wakazi wa asili. Northern Territory ina watu wapatao robo milioni, takriban theluthi yao wakiwa Waaborijini, wametawanyika katika kilomita za mraba zipatazo milioni 1.35. Muuguzi wa kituo kilicho mamia ya kilomita kutoka Alice Springs anahitaji nyumba, ndege na posho. Hakuna hila ya kihasibu itakayomfanya awe na gharama sawa na mwenzake wa Melbourne.

Toa mapato na ruzuku nyingine za shirikisho kutoka kwenye matumizi. Kinachobaki ni hitaji la GST.

Hatua ya 3: Geuza pengo kuwa uwiano

Gawanya hitaji la kila mkazi wa jimbo kwa wastani wa kitaifa, kisha chukua wastani wa miaka mitatu. Jibu la 1 maana yake jimbo linapata sawa na idadi ya watu wake.

Miaka hiyo mitatu ni ya nyuma: mgao wa 2024-25 ulitumia takwimu za 2020-21 hadi 2022-23. Ucheleweshaji huu ndio ulioiumiza Western Australia mwaka 2015-16. Bei ya chuma ilikuwa imeporomoka, mrabaha umepungua, lakini hesabu bado iliona miaka ya neema. Uwiano wake ukashuka hadi 0.30.

Hatua ya 4: Ingiza sheria ya 2018

Kilio hicho kilizaa sheria mpya. Zamani majimbo yote yaliinuliwa hadi kufikia lile lenye nguvu zaidi kifedha, hata likiwa Western Australia. Sasa kipimo ni New South Wales au Victoria, yoyote iliyo na nguvu zaidi. Mabadiliko yanaingia kwa sehemu moja ya sita kila mwaka, kuanzia 2021-22 hadi 2026-27. Juu ya hapo kuna kiwango cha chini: 0.70 kuanzia 2022-23, kisha 0.75 kuanzia 2024-25. Kwa hiyo ile 0.75 ya Western Australia haikutoka kwenye hatua ya 2. Ni sakafu iliyowekwa na Bunge.

Hatua ya 5: Piga hesabu

Zidisha idadi ya watu kwa uwiano. Hizi ni za 2024-25, nimezikadiria kwa desimali mbili, na watu kwa mamilioni:

New South Wales: 8.5 × 0.87 = 7.395
Victoria: 7.0 × 0.97 = 6.790
Queensland: 5.6 × 0.95 = 5.320
Western Australia: 3.0 × 0.75 = 2.250
South Australia: 1.9 × 1.40 = 2.660
Tasmania: 0.575 × 1.83 = 1.052
ACT: 0.475 × 1.20 = 0.570
Northern Territory: 0.255 × 5.07 = 1.293

Jumla ni 27.33. Gawanya kila mstari kwa jumla hiyo, uzidishe kwa mfuko. Tukichukua mfuko wa mfano wa dola bilioni 90, Western Australia inapata kama bilioni 7.4, sawa na dola 2,470 kwa kila mkazi. Northern Territory inapata bilioni 4.3, karibu dola 16,700 kwa kila mkazi.

Fedha hizi hazina masharti. Northern Territory ikihesabiwa zahanati za mbali kisha ikajenga barabara Darwin, haijavunja sheria yoyote, na ubishi juu ya hilo ni wa muda mrefu.

Hatua ya 6: Usisahau fidia

Jimbo ambalo lingepata zaidi kwa kanuni ya zamani hulipwa tofauti na serikali ya shirikisho, nje ya mfuko wa GST. Dhamana hii ilikuwa ikome 2026-27. Desemba 2023 ikaongezwa hadi 2029-30. Ukilinganisha jedwali lako na kitabu namba 3 cha bajeti ya shirikisho, tafuta malipo hayo kwenye mstari wake mwenyewe, la sivyo namba zako hazitaoana na zao.