Tatuu ya Rangi kwenye Ngozi Yetu: Jinsi ya Kujiandaa na Kuweka Miadi

Mteja anayetaka tatuu ya rangi akiingia studio yangu hapa Kisumu, kitu cha kwanza kunionyesha ni simu. Picha huwa nzuri kweli: ua la waridi hafifu, kipepeo wa manjano, mawimbi ya samawati yanayofifia pembeni. Halafu nautazama mkono ulioshika ile simu, naona ngozi ya kahawia iliyokolea, na najua tuna mazungumzo marefu kabla ya sindano.

Ngozi yetu hubeba rangi, tena vizuri sana. Anayekwambia kwamba mtu mweusi achorwe kwa wino mweusi pekee bado hajaijua kazi. Ila rangi za ngozi yetu hazichaguliwi kwenye simu, huchaguliwa kwenye ngozi yenyewe, na hilo huchukua majuma. Ndiyo maana miadi hii haiwekwi kama miadi ya kinyozi. Nitakupitisha hatua zote, kama ninavyowapitisha wateja wangu.

Hatua ya 1: Elewa wino unakaa wapi

Sindano hupenya tabaka la juu la ngozi na kuuacha wino kwenye tabaka la ndani. Lile la juu hujibandua na kuzaliwa upya kila mara, la ndani halibanduki, na kwa sababu hiyo tatuu hudumu. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, iko juu ya wino. Kwa hiyo tatuu ikishapona, rangi unaitazama kupitia melanini.

Chukua glasi ya strungi uweke nyuma yake kitambaa cha manjano. Chai ikiwa nyepesi, utaona manjano. Ikiwa imekolea, utaona kahawia. Weka kitambaa chekundu nyuma ya chai ileile nzito na bado utajua ni chekundu. Hivyo ndivyo ngozi inavyofanya. Nyekundu iliyoiva, buluu ya wastani na kijani cha majani husimama kwa watu wengi. Rangi hafifu na nyeupe humezwa, na zambarau nzito sana kwenye ngozi nyeusi tititi husomeka kama nyeusi.

Hatua ya 2: Chagua mchoraji kwa kazi zilizopona

Tatuu iliyomalizwa dakika tano zilizopita hung'aa kwa kila mtu. Omba picha za kazi zilizopona, za miezi mitatu au zaidi, kwenye ngozi inayokaribia yako. Mchoraji asiye na hata moja anaweza kuwa hodari wa wino mweusi, lakini usimpe rangi zako ajifunzie.

Pita studio kabla ya kulipa chochote. Uliza kama sindano hutumika mara moja tu na kama pakiti hufunguliwa mbele ya mteja. Tafuta kwa macho kile kisanduku cha njano cha kutupia sindano, kama cha hospitalini. Omba kuiona chupa ya wino: iwe na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya kutumika. Hili si ukali wa bure. Tangu Januari 2022 nchi za Umoja wa Ulaya zimedhibiti maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu, na mwaka 2023 buluu moja na kijani kimoja vilivyokuwa vikitumika kila mahali vikaongezwa. Wino usio na lebo hakuna anayeweza kukueleza una nini ndani. Mchoraji akikasirishwa na maswali haya, mshukuru uende zako.

Hatua ya 3: Andika ujumbe wa kwanza uliokamilika

Ujumbe wa "Mambo, tatuu ya rangi ni pesa ngapi?" hauna jibu. Bei hutegemea ukubwa, mahali mwilini, idadi ya rangi na saa zitakazotumika. Andika kitu kama hiki:

"Habari za leo. Nina miaka 26. Nataka tatuu ya kinyonga akiwa juu ya tawi, urefu sentimita 12 hivi, upande wa nje wa mkono kati ya kiwiko na kiganja. Rangi ninazozitaka zaidi ni kijani na nyekundu, nyingine tushauriane. Nina kovu la kuungua karibu na kiwiko, picha yake nimetuma. Natumia dawa ya pumu. Nina mzio wa plasta. Niko huru siku za wiki kuanzia tarehe 10. Bajeti yangu ni hii."

Ambatisha picha ya sehemu hiyo ya mwili, iliyopigwa mchana karibu na dirisha, bila flashi na bila kichujio cha kung'arisha ngozi. Weka kalamu ya Bic kando ya mkono nijue vipimo. Picha za mfano zisizidi tatu nne, na useme unachopenda katika kila moja: hapa mistari, pale mkao wa mnyama. Usiniombe nimnakili mchoraji mwingine. Ule ni mchoro wa mwili wa mtu mwingine, na wewe unalipia wako.

Sema pia kama makovu yako huvimba na kukua kupita jeraha lenyewe, yaani keloidi, au kama yapo kwenye familia. Watu weusi huyapata zaidi, na kifua, mabega na masikio ndiyo sehemu zinazoongoza. Mwenye historia hiyo simchori kabla hajaonana na daktari wa ngozi. Mjamzito na anayenyonyesha nawaomba wangoje. Mwenye kisukari aje sukari ikiwa imedhibitiwa, na kwa ushauri wa daktari wake.

Hatua ya 4: Kikao cha ushauri na kujaribu rangi

Hapa ndipo watu wengi hutaka kuruka, na hapa ndipo mimi sikubali kuruka.

Mwaka wangu wa pili katika kazi nilimchorea dada mmoja maua ya waridi hafifu begani. Siku ile alitoka akifurahi. Miezi miwili baadaye alirudi, na maua yalikuwa yamebaki kama alama za kuumwa na mbu, yenye ukungu wa kijivu. Hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Tangu siku ile sichori rangi mpya kwenye ngozi nisiyoijua bila kuijaribu kwanza.

Jaribio lenyewe ni dogo. Mwalimu mmoja kutoka upande wa Kakamega alimtaka turako, yule ndege mkubwa wa buluu wa msitu wao: kishungi cheusi kichwani, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, kifua cha chini kijani-manjano, tumbo la kahawia-nyekundu. Nilimwekea nukta sita mkononi, kila moja kama punje ya ndengu: buluu mbili, manjano mbili, nyekundu moja na kijani kimoja. Nilizipanga kwenye mstari ambao mkanda mweusi wa mkia wa ndege ungekuja kuzifunika, zisibaki kumsumbua baadaye.

Alirudi baada ya wiki tano. Tulitoka nje, mlangoni, kwenye mwanga wa jua, kwa sababu taa ya studio huongopa. Buluu nzito ilikuwa imezama, na ile ya wastani, iliyochanganywa na nyeupe kidogo, ilisimama wazi. Nyekundu na kijani vilikaa vilevile. Manjano ya limau ilikuwa imegeuka kaki.

"Fundi, hii ya manjano imeenda wapi?"

"Haijaenda mwalimu. Iko humo ndani, lakini unaiona kupitia rangi yako wewe."

Ile manjano ya pili, iliyoelekea rangi ya chungwa kama kiini cha yai la kienyeji, ilibaki manjano. Hiyo ndiyo tuliyoitumia mdomoni. Na tumbo la ndege sikulitia wino kabisa. Nililizungushia kivuli cheusi tu na kuiacha ngozi yake mwenyewe iwe ile kahawia. Hakuna chupa ingeipatia vizuri hivyo, na hakuna siku itakayofifia.

Nukta hizo husaidia pia kuonyesha mzio. Nyekundu ndiyo rangi inayoongoza kwa kuwasha na kuvimba. Nukta ikitulia kwa wiki tano ni habari njema, lakini si dhamana, kwani mzio wa wino unaweza kujitokeza hata baada ya miezi. Nukta ikiwasha, rangi hiyo inaondoka kwenye mpango.

Hatua ya 5: Lipa kushika nafasi, kisha chagua tarehe kwa akili

Mimi huomba asilimia 30 ya bei kabla sijaanza kuchora mchoro wako. Ni malipo ya saa nitakazokaa na penseli, na hukatwa kwenye bei ya mwisho. Ukilipa kwa M-Pesa, jina linalojitokeza liwe la studio au la mchoraji uliyeongea naye, na ujumbe wa malipo uuhifadhi. Kubalianeni kwa maandishi kuhusu mambo mawili: utaruhusiwa kuomba marekebisho mara ngapi, na pesa zinakwendaje ukiahirisha. Kwangu marekebisho ni mara mbili, na ukinijulisha saa 48 kabla, nafasi yako inahamia tarehe nyingine bila hasara.

Kuhusu tarehe, hesabu ukirudi nyuma. Baada ya kuchorwa utahitaji wiki nne bila kuogelea na bila jua la moja kwa moja. Kila Desemba huja watu wanaotaka kuchorwa Ijumaa waingie ziwani Jumapili. Tatuu mbichi ni jeraha, na maji ya Ziwa Victoria yana vijidudu, mbali na kichocho chenyewe, ambacho hakihitaji hata jeraha kuingia mwilini. Kama unakaa Dunga, pale ufukweni mwa ziwa, na kazi yako ni samaki, chagua kipindi ambacho mtu anaweza kukushikia zamu. Kama una sherehe za tohara Bungoma, zile za Agosti ya mwaka shufwa, utashinda juani na vumbini, kwa hiyo chorwa Juni au ngoja Septemba. Wa bodaboda, ukichagua mkono, jiandae kuvaa mikono mirefu iliyolegea.

Na kama wewe huchangia damu, changia kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu angoje miezi 6 baada ya tatuu.

Hatua ya 6: Wiki mbili kabla

Paka mafuta ya kawaida kila siku, ngozi iwe laini. Usijichome na jua. Kama unatumia krimu ya kujichubua, niambie ukweli, sikuhukumu. Nyingi zina steroidi inayokondesha ngozi, wino hushika vibaya, na ukiacha krimu rangi yako halisi inarudi na kubadilisha kila rangi tuliyochagua. Bora tuanze baada ya ngozi kurejea.

Usinyoe nyumbani, wembe huacha vipele. Nitanyoa mimi kwa wembe mpya. Saa 24 kabla, pombe hapana. Aspirini huongeza kutoka damu, lakini kama daktari ndiye aliyekuandikia usiiache, nijulishe tu. Krimu ya ganzi usijipake kimyakimya.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Lala vizuri. Kula ushibe, ugali na samaki, si chai na mandazi, maana wengi wanaozirai kwenye kiti changu walikuja na njaa. Beba soda, maji na kitambulisho. Chini ya miaka 18 sichori, hata mzazi akikubali. Vaa nguo ya zamani, nyeusi, inayofunguka kirahisi mahali pa tatuu. Ile shati ya mtumba ya soko la Kibuye inafaa kuliko nguo yako mpya, kwani wino hautoki.

Nikibandika stensili, ile karatasi inayoacha alama za mchoro kwenye ngozi, simama wima mbele ya kioo, ushushe mkono, uuinue, uuzungushe. Mchoro ulionyooka ukiwa umelala unaweza kupinda ukisimama. Sema sasa. Kufuta na kubandika upya mara tatu hakuniudhi.

Nitaanza na mistari myeusi, kisha rangi nzito, na manjano mwisho kabisa. Ningeanza na manjano, kila nikipangusa ningeichafua na nyeusi. Kwa hiyo usishtuke ndege akikaa saa mbili bila mdomo. Ukihitaji kupumzika, sema kabla hujajitikisa.

Hatua ya 8: Wiki za kwanza

Osha kwa mikono safi, maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, mara mbili kwa siku. Kausha kwa kugusa, usisugue. Paka mafuta niliyokupa, kiasi cha kung'aa kidogo tu. Kupaka Vaseline nzito kwenye joto la Kisumu ni kulifungia jasho ndani. Ngozi itabanduka kama ya mtu aliyechomwa na jua, na rangi itaonekana imepauka. Iache, usichune. Ukiona usaha, homa, au wekundu unaotambaa kuelekea juu, nenda hospitali siku hiyohiyo, kisha ndipo unipigie.

Ikishafunga kabisa, paka krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi kila unapotoka. Jua ndilo linalokula rangi kuliko kitu kingine chochote.

Baada ya wiki sita rudi, asubuhi, tutoke tena pale mlangoni tutazame. Palipopungua nitajaza bila malipo.